Kikohozi cha Heshima

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa nyuma, Asukile alikohoa. Kule uani mkamwana wake Tupokigwe akisikia huweka kisu chini, huacha viazi kwenye sufuria, hujitanda khanga usoni na kwenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi. Mzee hupita na birika lake, hunawa uso, husukutua, hutazama mlima kuhakikisha bado upo, kisha hurudi ndani. Akishafunga mlango hukohoa tena, na Tupokigwe hurudi kwenye viazi vyake.

Ndivyo Wanyakyusa walivyoishi na wakwe zao. Baba mkwe na mkamwana hawaonani uso, hawasemeshani, na hawakai chini ya paa moja. Tangu Yotamu mwanawe amwoe yule binti, Asukile hakuwahi kuiona sura yake. Alimjua kwa sauti tu: anavyotwanga, anavyocheka na Marta mama mkwe wake, anavyowafokea kuku. Alimpenda sana, na namna pekee aliyoruhusiwa ya kumwambia hivyo ilikuwa kumkoholea mapema, asipate shida ya kukimbia.

Kaya yao ilikuwa Uyole, pembeni ya barabara iendayo Iringa. Ilikuwa na nyumba mbili zilizotazamana: moja ya wazee, moja ya vijana, na uwanja mpana katikati kwa ajili ya adabu. Mwaka huo wa hamsini na nne Tupokigwe alikuwa na mimba ya kwanza, nayo ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Mama yake, Alinanuswe, mjane aliyekuwa akichuma chai huko Igowole, upande wa Mufindi, alikuwa ameahidi kuja kwa basi kumpokea mjukuu.

Asukile alikuwa mzee wa kanisa, na pia alikuwa mtu wa sheria. Boma wakisema choo kichimbwe kwenda chini urefu wa mtu, yeye alichimba urefu wa mtu aliyebeba mtungi kichwani. Wenzake walimtania kwamba akiota ndoto mbaya ataamka aende kuiripoti Mbeya. Hakukasirika. Alisema sheria ni kama uzio wa ng'ombe, na mwenye kuulalamikia ni yule mwenye nia na mahindi ya jirani.

Adhuhuri moja kibarua mmoja aitwaye Jailos aliangukia barazani kwake. Alikuwa ametoka kwenye shamba la pareto huko juu mlimani, kwa miguu, na uso wake na viganja vyake vilikuwa vimejaa vipele vigumu kama punje za mtama. Marta akamtazama mara moja tu.

"Hii ni ndui," akasema. "Mimi niliugua utotoni, haiwezi kunirudia. Nitamuuguza."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Asukile, akamshika Jailos kwapani akamwingiza chumba cha wageni.

Jailos alipopata maji alieleza. Kambini kwao walikuwa wanaugua wengi. Bwana mwenye shamba alijua, lakini pareto ilikuwa imechanua yote kwa pamoja, na akiripoti watafungiwa, na ua likizeeka shambani halina thamani. Kwa hiyo waliougua sana waliambiwa wakapumzike kwao. Kwao Jailos ni Ukinga, safari ya kupanda na kushuka milima, na miguu ilikataa.

Asukile hakungoja hata chai. Sheria ya magonjwa ya kuambukiza ilikuwa imesomwa barazani na kila mtu aliisikia: mwenye nyumba yoyote akiwa na mgonjwa wa ndui ndani yake lazima atoe habari upesi. Alimtuma Yotamu Mbeya, na jioni hiyohiyo bwana afya akaja.

Aliitwa Ezekia. Alikuja kwa baiskeli, na nyuma yake alikuwa amefunga sanduku la chanjo na bendera ya manjano iliyokunjwa vizuri. Aliwachanja wote waliokuwapo, akaisimika bendera mlangoni, kisha akasimama wima na kusoma amri.

"Watu wote wa nyumba hii wakae ndani ya nyumba hii, na asitoke hata mmoja, mpaka magamba ya mgonjwa wa mwisho yadondoke. Wala mtu mwingine asiingie kwa mlango wenye bendera."

"Hapa nyumba ziko mbili," alisema Marta. "Yotamu na mke wake wanalala kule ng'ambo."

Ezekia akaitazama karatasi kwa huzuni. Sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza, na ilipofika kwenye neno la kaya, karani aliyeitafsiri, mtu wa pwani aliyekulia chini ya paa moja na babu, shangazi na mashemeji, aliandika nyumba. Hakuwa na nia mbaya. Huko kwao ni kitu kilekile.

"Wangeandika kaya, kila mtu angebaki kwake," alisema Ezekia. "Mimi najua, mama. Dada yangu ameolewa na Mnyakyusa. Lakini imeandikwa nyumba, kwa hiyo kaya yenu yote inahesabiwa nyumba moja, na nyumba yenye mgonjwa ni hii."

"Basi mkamwana ataingia humu na baba mkwe wake yumo?"

"Ndivyo amri inavyosema."

"Kyala!" alisema Marta, akimwita Mungu kwa Kinyakyusa, kwa sababu kwa Kiswahili ilionekana haitoshi.

Ezekia aliongeza jambo moja, na hilo halikutoka kwenye karatasi bali kwenye kazi yake. Anayemuuguza mgonjwa wa ndui asimguse mama mjamzito, wala asimpokee mtoto. Marta angebaki na Jailos. Upande wa barabara askari walikuwa wamekwisha funga kamba kutoka mti hadi mti, na basi kutoka Iringa lingegeuzwa hapohapo. Alinanuswe asingeweza kuingia. Maana yake Tupokigwe angejifungua mtoto wake wa kwanza bila mwanamke wa kumshika mkono.

Asukile alisikia yote hayo akiwa ndani, ameelekea ukuta. Aliumia moyoni kuliko alivyowahi kuumia. Ni yeye aliyeripoti.

Tupokigwe alifika mlangoni na mkeka wake kichwani na khanga usoni. Nyumba ilikuwa na sebule moja na vyumba viwili, kimoja cha Jailos, na hapakuwa na mahali pengine pa mzee kwenda. Asukile akafanya jambo pekee aliloweza kulifanya. Akakohoa.

Upande wa mashariki wa sebule, pale palipotundikwa picha ya askofu, pakasikika mlango unafunguliwa. Kulikuwa na mlango. Nyuma yake kulikuwa na chumba kilichopakwa chokaa, chenye kitanda cha kamba na dirisha lililotazama migomba ya jirani. Tupokigwe aliingia bila kugeuka, akashusha mkeka. Yotamu akagusa ukuta kwa kiganja.

"Umekauka," akasema, akaenda kuleta godoro.

Asubuhi Ezekia alipokuja kumtazama mgonjwa alikiona chumba kwa nje, kimejitokeza kwenye shamba la viazi. Aliuliza kama jana kilikuwapo. Marta akasema hakikuwapo. Ezekia akasema mambo ya ujenzi ni idara nyingine, akanawa mikono akaingia. Akiwa ndani, mzee akataka kupita kwenda kuchukua Biblia yake, akakohoa, na mbele ya kile chumba kipya kikaongezeka kingine.

"Mzee, hicho kikohozi kimeanza lini?" aliuliza Ezekia.

"Tangu mwanangu alipooa."

"Kina makohozi?"

"Hakina. Hiki ni cha heshima."

Ezekia alifikiri. "Sheria inataka niripoti cha kifua kikuu na cha kifaduro," akasema. "Cha heshima hakimo."

Basi ikawa hivyo. Kila Asukile alipotaka kunyoosha miguu alikohoa, na Tupokigwe alipoinuka kumpisha alikuta mlango mwingine mbele yake na chumba kingine nyuma ya mlango. Choo nacho kilijiunga na nyumba bila kuombwa, na jiko likafuata, maana lisingekubali kuachwa na choo. Vyumba vyote vilielekea mashariki, sambamba na barabara. Vilikuwa vyumba vya kawaida, vingine vizuri, vingine vyenye dirisha lililokataa kufunga. Siku vilipofika kwenye kamba ya karantini, askari mlinzi aliona ukuta unakuja polepole, akainyanyua kamba ukapita. Alifanya kwa mazoea. Kutwa nzima alikuwa akiyanyanyulia malori ya shamba la pareto, yaliyokuwa na ruhusa ya kupita kwa kuwa shambani hapakuwa pameripotiwa ugonjwa wowote.

Marta ndiye aliyeligundua jambo lenyewe. Alikuwa amekaa mlangoni kwa Jailos, akimpungia nzi kwa jani la mgomba, na kupitia milango iliyo wazi akaona mstari wa vyumba ukiishia mbali, na mwanga mdogo mwisho wake.

"Baba Yotamu," aliita. "Hii nyumba inaelekea wapi?"

"Mashariki."

"Na Igowole, kwa mama yake Tupokigwe, iko wapi?"

Mzee aliinuka. Alivuta kiti chake cha mianzi akakiweka katikati ya sebule, akakielekeza mashariki, akaketi. Akajipangusa midomo na kuanza kukohoa kwa makusudi.

Alikohoa asubuhi, akakohoa mchana. Marta alimchemshia tangawizi na asali. Jailos, ambaye homa ilikuwa imempungua, alijitolea kumsaidia, lakini kikohozi chake hakikuongeza hata kabati. Sauti ya mzee ilipita chumba kwa chumba, vyumba vikapokezana kama watu wanaopitishana matofali, mpaka ikamfika Tupokigwe popote alipokuwa. Kila ilipomfika aliinuka, akashika kiuno, akaingia mbele. Alikuwa amelelewa vizuri. Mimba ilipomwelemea, Yotamu aliazima baiskeli ya Ezekia na kumbeba nyuma. Ezekia alikuwa amekwisha soma amri yake upya na kuona haikukataza baiskeli ndani ya nyumba.

Hivyo nyumba ikaenda. Ilipita Igurusi kwenye mteremko, na hapo vyumba vilikuwa na ngazi. Ilipofika tambarare ya Usangu vyumba vikawa virefu, maana ardhi haikuwa na ubishi. Watu waliipisha. Aliyekuwa na shamba njiani alikuta nyumba imezunguka mahindi yake, na aliyekuwa na kisima alikuta kisima kimepata kivuli. Wengine walitoa vigoda wakaja kuketi madirishani kuongea na wenye nyumba wakipita.

"Mnaendelea?" waliuliza.

"Tunaendelea," alijibu Yotamu, na kwa kweli walikuwa wanaendelea.

Ezekia naye alifuata, siku ndani, siku nje, na sanduku lake la chanjo. Miaka yote ya kazi yake alikuwa amewafukuza watu vichakani ili awachanje. Safari hii walikuja wenyewe, wakatoa mikono kwenye kivuli cha ukuta, wakachanjwa huku wakiuliza mtoto anatarajiwa lini. Akina mama wa Igurusi walisema ni mvulana. Wa Chimala walisema kwa jinsi anavyokaa kwenye baiskeli ni msichana. Waliwekeana dau la kuku.

Chimala nyumba ilikuta duka la Harilal limekaa kwenye njia yake. Ilisimama kidogo, kisha ikapita nyuma ya kaunta kwa upana wa ujia mmoja, bila kuangusha hata chupa ya mafuta ya taa. Harilal, aliyekuwa akipima chumvi, alimaliza kupima. Alipogeuka kurudisha mzani alikuta badala ya ukuta wa nyuma kuna dirisha, na ndani ya dirisha kuna msichana mwenye mimba juu ya baiskeli.

"Karibu, mama," alisema. "Leo iko vitenge mpya."

Mkewe Manjula akamsukuma kando, akatoa kipande cha shuka laini jeupe na kukipitisha dirishani. "Ya mtoto," akasema. "Wewe usitoe kitu. Mimi najifungua watoto yangu yote mbali na mama yangu. Najua."

Tupokigwe alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu afungiwe, akacheka hapohapo. "Ndaga fijo," akasema, asante sana, na Manjula akaitikia kwa Kigujarati, na kila mmoja akaridhika na alichosikia.

Huko Boma Mbeya, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipata habari kwamba nyumba iliyofungiwa Uyole imeonekana Igawa, mpakani. Akamwita Ezekia.

"Kuna mtu ametoka ndani ya nyumba?" aliuliza.

"Hakuna, bwana."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Chumbani kwake, Uyole. Hajahama."

Bwana Shauri akapiga simu Iringa. Mwenzake wa Iringa akamjibu kwamba upande wake kweli kuna nyumba ndefu, lakini haina mgonjwa wala bendera, na inatunzwa vizuri. Walisoma sheria wote wawili, kila mmoja kwenye nakala yake. Ilikataza watu kuiacha nyumba. Haikusema lolote kuhusu nyumba kuwaacha watu wa wilaya moja na kwenda nyingine. Bwana Shauri akaandika pembeni kwamba jambo hili litazamwe wakati mwingine, akaenda kucheza tenisi.

Kutoka Igawa kwenda mbele chakula kilibadilika. Walikuwa wakila viazi na ndizi. Sasa wenyeji walipitisha madirishani mchele wa Ubaruku uliopikwa kwa nazi ya kuazima, na samaki wadogo wa mto. Makambako kulikuwa na baridi, na vyumba vikaja na meko. Upande wa Wahehe na Wabena walipewa ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye vibuyu, na vibuyu vikasafirishwa kinyumenyume kwenye baiskeli hadi Uyole, ambako Asukile, kwa kuwa mzee wa kanisa, alitangaza kwamba anautumia kama dawa ya koo. Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba. Marta alimwomba apumzike.

"Nikipumzika nyumba itasimama," alisema. "Wamefika wapi?"

"Wamepita Nyororo."

"Basi," alisema mzee, akavuta pumzi.

Alinanuswe alirudi kutoka kuchuma chai na kikapu mgongoni, akakuta pembeni ya jiko lake pamesimama nyumba. Mlango wake ulikuwa wa mbao, haukuwa na bendera, nao ulikuwa wazi kidogo. Jirani zake walikuwa wamekwisha kuizoea; mmoja alikuwa ameanika ufuta kwenye dirisha.

"Kamwene," walimsalimu. "Wageni wako wamefika."

Alinanuswe alitega sikio. Kwa mbali sana, kutoka ndani kabisa, kikaja kikohozi. Kilikuwa kimechoka kwa safari, lakini kilikuwa kikohozi cha mtu mzima mwenye adabu zake.

"Huyo ni mkwe mwenzangu," alisema. "Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi nilidhani ni msemo tu."

Mlangoni alimkuta Ezekia, amekaa juu ya sanduku lake, macho mekundu kwa vumbi la njiani. Ezekia alimwomba aoneshe mkono. Kovu la chanjo lilikuwapo, kubwa na la zamani. Akamwambia amri inakataza kuingia kwa mlango wenye bendera, na mlango huu hauna bendera, ila akishaingia hatatoka mpaka magamba yadondoke Uyole.

"Nitoke niende wapi?" alisema Alinanuswe, akatua kikapu, akaingia.

Mtoto alizaliwa asubuhi ya siku iliyofuata, ukungu ukiwa bado umelala kwenye chai. Alikuwa msichana, na akina mama wa Chimala wakajipatia kuku zao. Tupokigwe alikuwa amemshika mama yake mkono kwa nguvu hata pete ya shaba ikapinda. Alipoona uso wa mtoto alisema jambo moja tu, kwamba anataka baba mkwe aambiwe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Yotamu akapanda baiskeli. Alipita vyumba vya baridi na vyumba vya joto, akipiga kengele, akipaza sauti, "Msichana! Wote wazima!" Habari ikamtangulia. Vigelegele viliruka dirisha hadi dirisha, Makambako, Igawa, Chimala, ambako Harilal aligonga mzani wake kwa kijiko, wakapanda ngazi za Igurusi. Yotamu alipofika Uyole akitweta, sebule ilikuwa imejaa kelele tayari, Marta akicheza, naye Jailos akipiga makofi kwa viganja vilivyokuwa vikibanduka magamba.

Asukile alikuwa kitini. Alifungua kinywa kusema, na sauti haikuwapo. Alikuwa ameimaliza yote. Basi akacheka bila sauti, machozi yakimshuka, akapiga mapaja yake kwa mikono miwili. Watu walisema hawajaona mzee wa kanisa akifurahi namna ile, na kwamba ingekuwa Jumapili angesemwa.

Gamba la mwisho la Jailos lilipodondoka, Ezekia alilichukua kwa koleo, akalichoma, akaiondoa bendera. Amri ikaisha. Nyumba haikurudi nyuma. Palepale ilipofika ikabaki, na watu wa njiani wakaanza kuitumia: chumba kimoja shule ya Jumapili, kingine cha kusubiria basi. Tupokigwe akawa anakwenda kwa mama yake bila kunyeshewa. Mtoto aliletwa Uyole kwenye baiskeli, amefungwa shuka la Manjula, akawekwa mapajani kwa babu yake, naye babu akamsemesha kwa kunong'ona kutwa nzima, kwa sababu mjukuu si mkamwana na hakuna mwiko wa kumwona. Alimtazama sana usoni. Nyuma ya mlango Tupokigwe alisimama kimya, akamwacha atazame.

Sauti ya Asukile ilipoanza kurejea alivaa koti, akaenda Boma kutimiza kilichobaki. Alimwambia Bwana Shauri kwamba kuna ndui kwenye kambi ya shamba la pareto, na kwamba Jailos ni shahidi. Bwana Shauri alimsikiliza kwa upole. Alimweleza kwamba sheria inamtaka mwenye nyumba aripoti wagonjwa wa nyumba yake. Mwenye shamba ndiye mwenye kambi. Mwenye shamba hajaripoti. Kwa hiyo, kwa macho ya sheria, kambini hakuna ugonjwa.

"Na kama wanakufa?" aliuliza Asukile.

"Vifo navyo huripotiwa na mwenye shamba," alisema Bwana Shauri.

Walimwengu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Asukile alirudi nyumbani akifikiri kwamba huu wa Mbeya uliletwa ukiwa na meno upande mmoja. Hakumwambia mtu. Alibaki mtu wa sheria, ila siku hizo akizungumzia uzio wa ng'ombe alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi.

Msimu uliofuata pareto ikachanua tena. Kibarua mwingine, kijana wa Kisafwa, akashuka mlimani na kuangukia barazani, vipele usoni. Asukile akamshika kwapani, akamwingiza. Marta akatandika. Kisha mzee akamtazama Yotamu, na Yotamu akachukua kofia yake bila kuulizwa.

"Baba, safari hii si lazima," alisema mlangoni. "Mlimani hawaripoti."

"Wasiporipoti ndipo wanapokufa," alisema Asukile. "Nenda."

Habari ilifika Uyole yote kabla Yotamu hajafika Mbeya. Watu wakaanza kuja. Walikuja na mikeka, na kuku, na ngoma, na gunia la viazi. Mwalimu wa kwaya alikuja na wanakwaya wake wote. Bibi mmoja aliyekuwa na binti yake Chimala alikuja na mzigo wa ndizi akisema safari hii hatalipa basi. Waliokuwa wamekwisha chanjwa walionesha makovu, na wasiochanjwa walipanga foleni uani kumngoja Ezekia, wakigombana nani alitangulia. Asukile alikohoa, na nyumba, ambayo sasa ilikuwa na mazoea, ikaanza kutoa vyumba upande wa kusini, kuelekea Tukuyu, ambako watu wengi walikuwa na ndugu.

Ezekia alifika na bendera yake. Aliwachanja, akasoma amri, ileile, na neno lilelile la nyumba ndani yake. Barabarani lori la shamba lilikuwa likipita limejaa vibarua wamejifunika mablanketi mpaka machoni, na askari alikuwa ameinyanyua kamba kulipisha. Dereva akawapungia mkono. Ndani kwaya ilikuwa imeanza kuimba.

"Na kule shambani," aliuliza Asukile, "bendera mmepeleka?"

"Hawajaripoti, mzee."

Asukile akalitazama lile lori mpaka likakata kona.

"Haya," akasema. "Ifunge vizuri hiyo bendera yako. Upepo wa hapa ni mkali."